Sentimita Sita za Twiga

Mama Futi alikuwa na ugomvi wa miaka mingi na watu wanaotengeneza futi za kupimia. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili alivua moja shingoni, akaitupa kwenye ndoo ya vipande vya vitambaa, na kusema maneno ambayo mama mzima wa miaka hamsini na saba hatakiwi kuyasema mbele ya wateja. Futi za siku hizi ni za plastiki ya ovyo, alisema. Zikivutwa kidogo tu zinalegea kama mpira wa soksi, na futi ikilegea inakudanganya: bega lilelile, kiuno kilekile, mteja aliyekuwa arobaini na nne unamsoma arobaini na mbili. Ndiyo maana aliamini daftari lake kuliko futi. Vipimo vya kila mteja vilikuwa humo, kwa jina na kwa mwaka, na futi ikipingana na daftari, aliyeonekana mwongo ni futi.

Basi vipimo vipya aliviandika kwa mazoea tu, akakata kwa vile vya zamani, akashona, na mteja akija kujaribu, gauni linaburuza mbele na kupanda nyuma. Hapo Mama Futi alimgeukia mteja mwenyewe. "Umesimamaje? Simama wima! Unajikunja kama unatafuta shilingi iliyodondoka." Wanawake walicheka, wakavuta pumzi, wakanyoosha shingo, na yeye akapiga magoti na pini mdomoni akapandisha pindo. Mambo yakaisha. Kwamba walioambiwa wasimame wima karibu wote walikuwa wamevuka hamsini, hilo hakuwahi kulitia akilini. Alikuwa fundi wa nguo, na nguo ilikuwa inakaa vizuri.

Alhamisi moja mchana, mdogo wake aliingia dukani akiwa ameshika fremu ya mlango.

Mdogo wake huyo, wa tumbo moja, aliitwa Twiga tangu darasa la pili, kwa sababu aliwapita wavulana wote kwa kichwa kizima na kwenye picha za shule alisimamishwa nyuma siku zote. Sasa alikuwa na miaka hamsini na moja na alikuwa mpishi kwenye shule ya bweni yenye watoto mia nne na zaidi. Kazi ile alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Hajawahi kuchelewa, hajawahi kuunguza, na kwa mujibu wake mwenyewe hajawahi kusikia asante.

"Nipunguzie hili gauni la kazi, Dada," alisema. "Nalikanyaga mbele. Jumatatu narudi jikoni."

"Unarudi wapi na mgongo huo?"

Wiki tatu nyuma, yeye na mwenzake walikuwa wamenyanyua sufuria la maharage, lile kubwa la mipini miwili, walipeleke bwaloni. Twiga alisikia kitu mgongoni kimelia ka!, kama kijiti kikavu. Hakuanguka. Alilifikisha sufuria bwaloni, akalitua polepole, kisha akashindwa kunyooka. Hospitali walimbonyeza hapa na pale juu ya nguo, wakampa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua, na baada ya wiki tatu wakamwandikia karatasi. Mama Futi aliisoma mara mbili. Hana tatizo. Maumivu ya umri. Anafaa kurejea kazini.

"Msimamizi wa jiko amesema karatasi ikisema nafaa, basi nafaa," Twiga alisema. "Nisipobeba Jumatatu, kuna mtu anasubiri nafasi yangu. Na mimi bila ile kazi, Dada, unajua."

Mama Futi alijua. Mume wa Twiga alikwisha kufa, mtoto wa mwisho alikuwa bado chuoni. Alimkata jicho kali, la hasira isiyokuwa na pa kwenda, akachukua futi.

"Simama wima."

"Nimesimama."

Bega hadi kiuno, mbele: sentimita arobaini. Mama Futi aliguna. Daftari la mwaka ambao Twiga alipata kazi lilisema arobaini na sita. Alivua futi, akaitupa kwenye ndoo na lile neno lake la kawaida, akatoa nyingine mpya iliyokuwa bado kwenye nailoni. Arobaini. Akapima upya kwa rula ya mbao, ambayo hailegei hata ikivutwa na ng'ombe. Arobaini.

Kisha, kwa mazoea tu, mkono ukashuka kupima sketi, kiuno hadi kisigino. Mia moja na kumi. Akafunua daftari. Mwaka ule wa kwanza: mia moja na kumi. Miaka mitano baadaye: mia moja na kumi. Mwaka jana: mia moja na kumi.

Mama Futi alikaa kwenye kiti cha cherehani kwa uzito. Futi haiwezi kulegea mgongoni ikakaza miguuni. Futi ni moja. Alishusha madaftari yote kutoka juu ya kabati, akapangusa vumbi kwa kiganja, na kufuata mstari wa mdogo wake kwa kidole. Arobaini na sita. Arobaini na sita. Arobaini na tano. Kisha, tangu Twiga alipofika miaka arobaini na mbili, zikashuka mbiombio: arobaini na nne, arobaini na tatu, arobaini na mbili. Sketi haikugeuka hata mara moja.

"Twiga," alisema, "miguu yako ipo yote. Lakini kuna kitu kinakula mgongo wako. Kesho tunarudi hospitali."

"Wameshaniona, Dada."

"Hawajakuona. Wamekuangalia."

Ijumaa saa mbili asubuhi walikuwa kwenye benchi la wagonjwa, Twiga akiwa ameketi upande mmoja wa makalio, Mama Futi akiwa na mfuko wa madaftari mapajani. Daktari waliyemkuta ndani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyechoka, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na kola iliyoshonwa vibaya. Aliitazama karatasi yake mwenyewe ya juzi, akatabasamu.

"Mama, tulishamalizana. Kwa umri wako, mgongo kuuma ni kawaida."

"Umri gani?" Mama Futi alidakia. "Ana hamsini na moja, siyo mia. Nimemzidi miaka sita na nimekuja kwa miguu."

"Sasa wewe unataka nifanye nini?"

"Umpime. Amepungua sentimita sita, zote za juu ya kiuno." Akamfungulia madaftari mezani, moja juu ya jingine, juu ya mafaili na juu ya simu ya daktari.

Daktari aliyasogeza kwa ncha ya kalamu. "Mama, hii ni hospitali. Siyo duka la nguo."

"Ndiyo maana nimeshangaa," alisema Mama Futi. "Dukani kwangu tunapima kabla ya kukata."

Muuguzi aliyekuwa akipanga sindano kwenye kona, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitoa kicheko kidogo ambacho alikigeuza kikohozi. Alisogea, akainama juu ya madaftari, akasoma kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia mtu yeyote mle chumbani. Kisha akamgeukia Twiga, akamuuliza kwa sauti ya chini, ya mwanamke kwa mwanamke:

"Hedhi yako ilikoma lini, mama?"

Twiga alitazama sakafu. Jambo lile hakuwahi kulisema mbele ya mwanamume, hata marehemu mumewe. "Nikiwa na arobaini na mbili."

"Mapema hivyo. Ulimwambia nani?"

"Nilikuja hapahapa. Nikaambiwa hongera, umepumzika na gharama za pedi."

"Umewahi kuvunjika mfupa?"

"Mkono. Niliteleza jikoni, nikajikinga na kiganja. Nilikuwa na arobaini na sita. Walinifunga plasta hapahapa wiki sita."

"Na baada ya plasta?"

"Baada ya plasta nikarudi kubeba sufuria."

Muuguzi alimtazama daktari, na daktari, kwa heshima yake, aliacha kutabasamu. Alichukua fomu ya picha ya mifupa na kuijaza.

Picha ilipotoka aliibandika kwenye taa, na hata Mama Futi, ambaye hakuwahi kusoma picha ya namna ile, aliona. Mifupa ya mgongo ilikuwa imepangwa mmoja juu ya mwingine, mizuri, ya mraba, mpaka katikati. Pale katikati mitatu ilikuwa imebonyea upande wa mbele, kama mikate iliyokaliwa na mtu. Mmoja ulikuwa mpya, daktari alisema. Miwili ilikuwa ya zamani, imeshapona vibaya.

Akaeleza, na safari hii alieleza vizuri, bila haraka. Mfupa si jiwe. Mwili unaubomoa kidogo na kuujenga kidogo maisha yote. Kwa mwanamke kuna homoni inayoulinda, na hedhi ikikoma, homoni ile inashuka, na kwa miaka kadhaa ubomoaji unaupita ujenzi kwa kasi. Anayekoma mapema anaanza kupoteza mapema. Mfupa unabaki na sura yake lakini ndani unakuwa kama sifongo, na hauumi, hausemi, mpaka siku unavunjika kwa kitu kidogo. Ugonjwa huo unaitwa osteoporosisi. Zipo dawa za kuimarisha, ipo kalsiamu, ipo vitamini D, yapo mazoezi yanayofaa. Kupimwa unaweza kupimwa kabla hujavunjika. Hata ule mkono uliovunjika kwa kuteleza ungetosha kuwa dalili.

Mama Futi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekunja mikono kifuani, na kadiri daktari alivyoeleza vizuri ndivyo hasira zilivyozidi kumpanda, kwa sababu kumbe yote yalikuwa yanajulikana.

"Haya mambo ulijifunza lini?" aliuliza.

"Chuoni, mama. Mwaka wa tatu."

"Na sisi tunafundishwa mwaka wa ngapi?"

Daktari aliibandua picha kwenye taa.

"Nakuuliza kwa wema. Mimba tulifundishwa. Mabango yamejaa ukutani hapo nje, ya mimba, ya kunyonyesha, ya chanjo, ya malaria. Tukizaa mnatujua mpaka uzito wa mtoto. Tukikoma kuzaa tunaambiwa hongera, na mlango unafungwa. Miaka tisa huyu anabomoka, amepita hapa mara tatu, na kila mara mmemfungia kipande kimoja na kumrudisha kwenye sufuria. Kama ningekuwa nashona hivyo, ningekuwa nimeshachomewa duka."

"Dada," Twiga alisema.

"Niache. Yeye alikupa vidonge vyake, na mimi nampa vyangu."

Daktari aliandika barua mpya, ndefu, yenye muhuri, na akaomba radhi kwa Twiga, si kwa Mama Futi, jambo ambalo Mama Futi aliliona na kumhesabia. Muuguzi naye alimshika Mama Futi mlangoni, akamuuliza yeye hedhi ilikoma lini, na kabla Mama Futi hajapata jibu la kejeli, muuguzi alikuwa ameshamwandikia naye kipimo.

Nje ya geti walikaa kwenye ukuta mfupi ili Twiga apumzike. Mama Futi alikuwa bado anachemka, anamsimulia mdogo wake mambo yaleyale aliyoyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Twiga alinyoosha mkono, akalitoa daftari moja mfukoni, akalifungua kwenye jina lake. Akasoma kimya.

"Mwaka niliovunjika mkono," alisema, "umeandika arobaini na tatu."

"Ndiyo."

"Mwaka uliofuata, arobaini na mbili. Ulikuwa unaona, Dada."

"Nilidhani ni futi."

"Ulikuwa unaniambia nisimame wima." Hakupandisha sauti. Twiga hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Mbele ya watu. Wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimesimama wima."

Mama Futi alitamani kusema kwamba yeye ni fundi tu, na kwamba wenye kujua walikuwa ndani ya jengo lile. Yalikuwa kweli, na aliyaonea aibu kabla hayajatoka. Alishika mkono wa mdogo wake, ule uliowahi kuvunjika, akaushika hivyohivyo mpaka Twiga aliposema twende, jua linachoma.

Jumatatu walikwenda shuleni pamoja.

Jiko la shule lilikuwa banda refu lenye meko sita na kuta nyeusi kwa moshi. Kutoka mekoni hadi bwaloni ni hatua hamsini, na ngazi nne katikati. Wapishi saba, wote wanawake, mdogo kuliko wote akiwa na arobaini, walikuwa wameomba toroli mara mbili kwa maandishi. Mara ya kwanza waliambiwa ngazi haziruhusu. Mara ya pili hawakujibiwa.

Msimamizi wa jiko alikuwa mwanamke wa umri wao, mnene wa mabega, mwenye funguo kiunoni. Aliisoma barua akiwa amesimama, midomo ikicheza. Asinyanyue zaidi ya kilo tano. Asiiname kwa muda mrefu. Kazi ya kutembea na ya kukaa inamfaa.

"Jiko halina kazi ya kukaa," alisema, akairudisha. "Nasikitika. Wiki iliyopita karatasi ilisema mzima, nikasema njoo. Leo inasema mgonjwa. Asiyeweza kubeba hawezi kupika."

Mama Futi alikuwa ameshavuta pumzi ya kumjibu, pumzi ndefu, yenye mambo mengi ndani, Twiga alipomgusa kiwiko. Akaichukua barua yake. Akawageukia wenzake waliokuwa wakimenya na kukoroga, akaisoma kwa sauti kuanzia muhuri mpaka sahihi, pamoja na lile jina refu la ugonjwa, ambalo alilitamka mara mbili kulipatia. Kisha akawaeleza, kwa maneno ya kawaida, kama mtu anayefundisha namna ya kuchagua mchele. Hedhi ikikoma. Mfupa kama sifongo. Hauumi mpaka uvunjike.

"Mimi ni mwaka wa nne," alisema mpishi mmoja, mwiko ukiwa juu.

"Mimi sita. Na hiki kibyongo nilidhani nimerithi kwa mama."

"Mama yako alikuwa anafanya kazi gani?"

"Kubeba."

"Ulipoanguka pale ngazini ukavunjika kiganja," mwingine alimwambia jirani yake, "nani alikwambia ukapimwe?"

"Niliambiwa nivae viatu visivyoteleza."

Msimamizi alipiga makofi. "Haya, mikutano baada ya kazi. Saa saba kasoro. Sufuria liende." Alisema hivyo bila kumtazama mtu, na Mama Futi, aliyekuwa amezoea kusoma miili ya watu kupitia nguo, aliona jinsi mkono wake mmoja ulivyokwenda nyuma ukashika kiuno chake mwenyewe, kisha ukaondoka haraka.

Sufuria lilikuwa limeepuliwa, limekaa kwenye matofali likifuka moshi, mipini yake ikiwa imefungwa matambara. Wapishi walilitazama. Mmoja alifuta mikono kwenye aproni, akakunja mikono kifuani. Mwingine akafanya vilevile. Hakuna aliyepanga, hakuna aliyesema hapana.

"Watoto wana njaa," alisema msimamizi.

"Na sisi tuna mifupa," alisema Twiga.

Msimamizi aliwatazama mmoja mmoja, akapiga ule msonyo wake unaojulikana shule nzima, akaenda mwenyewe. Aliinama, akashika mpini mmoja kwa mikono miwili, akangoja. Hakuna aliyeshika wa pili. Alikaa vile ameinama kwa muda ambao haukumpendeza yeyote kuuona, kisha akauachia mpini, akanyooka taratibu sana, kwa awamu, akatoka kwenda ofisi ya walimu.

Siku ile chakula kilichelewa kwa nusu saa na zaidi. Waliokuja kubeba sufuria ni walimu wanaume wanne, na wakagombana wenyewe kwa wenyewe kabla hata hawajafika kwenye ngazi. Mwalimu wa michezo, kijana mwenye kifua na filimbi shingoni, alilitua chini katikati ya njia, akashika mgongo kwa mikono yote miwili, akauliza kwa hasira hili dude kwa kawaida linabebwa na nani.

Wanawake saba, mlangoni mwa jiko, walimtazama.